Timazi ya Baba na mnara wa mjini

Msomaji mpendwa, juma hili naomba uniruhusu niweke kando mambo ya karo na bei ya unga, nikusimulie jinsi nilivyojifunza kuchora mji kwa rangi za mafuta katika umri ambao wenzangu wanajifunza kulea wajukuu. Mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye ni jirani yangu pale tunapokaa, aliniuliza majuzi kama mtu asiye na kipawa anaweza kuchora majumba, na yakafanana na majumba. Nilimwambia kwamba anaweza, kisha nikaahidi kumweleza kirefu. Haya ndiyo maelezo yenyewe, nami naanzia kwa Baba, maana bila yeye nisingeshika brashi.

Baba alikuja Nairobi akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, akapata kibarua cha mjengo. Mjengo wenyewe ulikuwa ni lile jumba la mikutano ambalo sote tunaliita KICC. Ramani yake ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na Mkenya David Mutiso, na lilikamilika mwaka wa 1973 likiwa na orofa 28 na urefu wa mita 105 hivi. Mwezi wa Septemba mwaka huo, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilifanya mkutano wao mkuu humo. Wakubwa wa dunia walikuja kwa ndege. Baba naye alikuwa amekwisha kubeba karai lake akaenda kutafuta mjengo mwingine. Lakini tangu tukiwa wadogo, kila tulipopita katikati ya mji alinyosha kidole na kusema, "Ule nimeupandisha mimi."

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 tulimpeleka kwa daktari wa macho. Tuliambiwa ana presha ya macho, ugonjwa ambao huanza kula pembeni mwa macho polepole, hata mtu akawa anatazama dunia kana kwamba anachungulia kupitia bomba. Daktari alisema dawa ya matone ingesaidia kulinda uwezo uliobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba alisikiliza kimya. Tulipotoka akaomba tupitie mjini kabla ya kumsindikiza stendi ya magari ya Machakos.

Tulisimama chini ya mnara wake. Akainua kichwa, akakiteremsha, akakiinua tena.

"Zamani nilikuwa nauona wote mara moja," akaniambia. "Sasa nauona vipande vipande, Mama."

Baba huniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mamake. Siku hiyo neno hilo lilinichoma.

Nilitoa simu nikampiga mnara picha, nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mfupi tu akanirudishia. Mwanga wa simu ulimuumiza macho, tena picha ilizimika kabla hajamaliza kuisoma. Ningeweza kumchapishia picha hiyo kwenye karatasi, kweli. Lakini nilipoiangalia mwenyewe niliona magari, nyaya, mabango ya biashara na mtu anayeuza njugu. Mnara ulikuwa umesongwa huko nyuma kama abiria wa matatu ya jioni. Baba hakutaka vurugu yote hiyo. Alitaka mnara. Ndipo nikawaza: kama jicho lake limebaki dogo, basi nimchoree mnara mdogo, wa kushika mkononi, ambao utaingia wote ndani ya dirisha hilo dogo alilobakishiwa.

JICHO LINAJUA MNO

Mara ya mwisho kushika rangi nilikuwa shule ya msingi. Nilinunua kitabu cha kuchorea na penseli, nikaomba ruhusa kwa rafiki yangu ambaye ofisi yake iko orofa ya nne katika jumba moja la Moi Avenue. Dirisha lake linatazama magharibi. Mbele yangu nilikuwa na mapaa, kisha mnara wa KICC, na upande wa kulia ule mnara mwingine wa mviringo uliokuwa hoteli ya Hilton tangu 1969 mpaka ilipofungwa Disemba 2022. Huko nyuma kabisa yalichungulia majumba ya Upper Hill.

Mchoro wangu wa kwanza ulifanana na kipande cha sabuni ya mche kilichosimamishwa wima. Binti yangu wa miaka 14 aliutazama akauliza, kwa adabu zake zote, kama hilo ni tangi la maji.

Kosa langu lilikuwa ni hili. Mimi najua kwamba sakafu ya orofa ni tambarare, kwa hiyo nilichora kila orofa kwa mstari ulionyooka. Sikuchora nilichokiona bali nilichora ninachokijua. Kila anayeanza kuchora majumba hujikwaa hapo hapo. Tunajua ukuta una pembe mraba, tunachora pembe mraba, ijapokuwa kutoka pale tulipokaa pembe hiyo imeminyika. Tunajua barabara ina upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, tunakataa kuiacha iwe nyembamba kwa mbali. Mikono yetu haina neno. Jicho ndilo linalojua mambo mengi mno, na lazima lifundishwe kunyamaza.

Chukua bilauri, msomaji, ujaribu sasa hivi hapo mezani. Inue hadi ukingo wake uwe sawasawa na macho yako. Utaona ukingo umekuwa mstari mnyoofu. Ishushe chini kidogo. Ukingo unafunguka na kuwa duaradufu, ile ya somo la hesabu. Sasa inue juu ya kichwa. Inafunguka tena, lakini safari hii ukingo ulio karibu nawe umepinda kama upinde wa mvua, na kadiri unavyoinua ndivyo upinde unavyozidi. Mnara wa mviringo ni bilauri kubwa. Orofa zilizo juu ya macho yako hupinda kama upinde wa mvua, zilizo chini ya macho yako hupinda kama tumbo la bakuli, na ile iliyo sawa na macho yako peke yake ndiyo inayoonekana imenyooka.

Ule usawa wa macho yako ndio huitwa mstari wa upeo, na ndio wa kwanza kuchorwa katika picha yoyote ya mji. Mimi nilikuwa orofa ya nne, kwa hiyo upeo wangu ulikata majumba yote ya jirani kwenye orofa ya nne hivi. Kingo za mapaa yaliyo juu ya upeo huteremka kadiri zinavyokwenda mbali. Kingo za barabara na vibaraza vilivyo chini hupanda. Mistari yote ambayo kwa kweli inakwenda sambamba, ukiiendeleza kwa rula, hukutana mahali pamoja kwenye upeo, na mahali hapo pana jina: nukta ya kupotelea.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi, mjenzi wa mji wa Florence huko Italia, aliwaonyesha watu jinsi ya kuchora jumba likaonekana lina kina, na mwaka wa 1435 Leon Battista Alberti akaandika kitabu kueleza kanuni zake. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Johannes Vermeer wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa na njia ya kifundi kabisa. Wataalamu waliochunguza picha zake wamekuta katika nyingi kati ya hizo kitundu cha pini, mahali penyewe pa nukta ya kupotelea. Inaaminika alichomeka pini pale, akafunga uzi uliopakwa chaki, akauvuta na kuuachilia ukapiga mstari.

Nilipomsimulia Baba habari za huyo Vermeer kwa simu, alicheka. "Sisi tulipiga uzi hivyo hivyo kila siku," akasema, "na hakuna aliyetuweka kwenye vitabu."

RANGI TANO ZATOSHA

Duka la vifaa vya sanaa linaweza kukuchanganya akili. Kuna tyubu za kila rangi, na kila moja inakuita. Mshahara wangu mnaujua, kwa hiyo nilinunua tano tu: nyeupe ya titani, manjano ya oka, siena iliyochomwa, kahawia ya amba iliyochomwa, na samawati ya altramarini. Nyeusi sikununua. Ukichanganya altramarini na amba unapata weusi wenye uhai, ambao unaweza kuuelekeza kwenye baridi au kwenye joto utakavyo.

Mnara wa KICC una rangi ya kigae cha udongo. Nilipata rangi hiyo kwa oka, siena kidogo na nyeupe. Upande wa kivuli ndio ulionisumbua. Mwanzoni nilitia weusi, na ukuta ukaonekana umechomeka moshi. Kisha nikakaa nikautazama vizuri. Kivuli mchana wa jua si cheusi. Kinapokea mwanga wa anga, kwa hiyo kina usamawati ndani yake. Nilipotia altramarini kidogo badala ya weusi, ukuta uligeuka, ukawa na upande wa huku na upande wa kule.

Kitu kingine ni hewa. Kati yako na jumba la mbali kuna vumbi na mvuke, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo rangi zinavyofifia na kuelekea usamawati. Yale majumba ya Upper Hill yana kuta za kila namna, lakini kutoka dirishani pangu yote yalikuwa karibu rangi moja, kijivu cha samawati. Ukiyapa weusi na wekundu kama ya karibu, yataruka mbele na kukaa juu ya KICC.

Na madirisha? Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana mji una madirisha zaidi ya tunavyoweza kuyahesabu. Siri yake ni kufumba macho nusu, kama mtu anayetazama jua. Mambo madogo madogo yanayeyuka na yanabaki makundi matatu: mwanga, kiasi, na giza. Chora makundi hayo kwanza. Madirisha yaje mwisho, na si yote. Kwenye mnara wa mviringo kumbuka kwamba safu za madirisha hukaa kwa nafasi katikati, kisha husongamana kuelekea kingo mbili, kwa kuwa ukuta unageuka kukukimbia. Ukiyapanga kwa nafasi sawa, mnara utakuwa bapa kama ubao wa matangazo.

PLASTA HAITANGULII UKUTA

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta yake ya kitani huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, hata majuma mawili au zaidi, kulingana na rangi na unene wake. Amba hukauka upesi, nyeupe huchelewa.

Kwa hiyo kuna sheria moja isiyovunjwa: nyembamba kwanza, nono baadaye. Tabaka la chini lichanganywe na tapentaini likauke haraka. Yanayofuata yaongezewe mafuta kidogo kidogo. Ukiweka nono chini na nyembamba juu, la juu litakauka kwanza, la chini litaendelea kujinyosha, na picha itapasuka kama ardhi ya kiangazi. Baba alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Alisema hata fundi mgeni hujua kwamba plasta haipigwi kabla ukuta haujashika.

Nilitumia kipande cha hadibodi cha sentimita 30 kwa 40, nikakipaka jeso mara tatu na kukipiga msasa kati ya tabaka na tabaka. Kwa mtu anayejifunza, hadibodi ni bora kuliko turubai ya bei ghali. Haikuogopeshi. Nilichora mistari kwa penseli, nikaipitia kwa amba nyembamba, nikajaza makundi makubwa ya mwanga na giza bila dirisha hata moja. Hayo yalikuwa majuma mawili ya kwanza ya Juni, saa tatu hadi saa nne asubuhi kila Jumamosi na Jumapili, jua likiwa nyuma yangu.

Wazazi wenzangu, sikilizeni na hili. Tapentaini ina mvuke mkali. Fungua madirisha, na usiiweke kamwe ndani ya chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa. Usile ukipaka rangi, wala usiinyoshe ncha ya brashi kwa midomo. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni, kwa maana mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke vikiwa wazi, au vitie ndani ya mkebe wa chuma wenye maji na mfuniko. Mume wangu alilalamika kwa miezi kwamba nyumba inanuka kama karakana ya seremala, nami nilimkubalia. Lakini moto hatukuupata.

JUA LILINIHAMA

Nilikuwa na haraka. Kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi wa macho ya Baba. Lakini Julai ilikuja na mawingu yake, mnajua Nairobi ya Julai, na jua halikuonekana kwa majuma mengi. Mnara haukuwa na kivuli wala mwanga. Ulikuwa kijivu juu ya kijivu. Ili nisipoteze wakati, nilichukua picha niliyopiga kwa simu siku ile na kuendelea kuchora ukingo wa kulia wa mnara nyumbani, kwa taa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Agosti ikapita vile vile. Baadaye kazi za ofisini zikanibana, kisha zikaja mvua za El Nino za mwaka ule. Nilirudi pale dirishani katikati ya Disemba, asubuhi yenye jua safi, nikapanga rangi zangu, nikainua macho na nusura nipige kelele. Kivuli kilikuwa kimehama. Mwezi wa Juni upande wa kushoto wa mnara ndio uliokuwa na giza. Sasa giza lilikuwa upande wa kulia.

Nilifikiri nimekosea dirisha. Nikampigia Baba simu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwezi wa sita jua liko kaskazini," akasema. "Chakula cha mchana tulilia upande wa kusini wa mjengo. Disemba jua liko kusini, tunahamia kaskazini. Kibarua hasahau upande wa kivuli, Mama."

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Ndiyo maana jua la adhuhuri hukaa kaskazini kwetu katikati ya mwaka, na kusini mwishoni mwa mwaka. Watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini hawalioni jambo hili. Kwao jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa kwa macho yao. Anayechora mji wetu lazima achague mwezi wake, kama anavyochagua saa yake, na abaki nao. Picha yangu ilikuwa na nusu ya Juni na nusu ya Disemba, mnara uliomulikwa na majua mawili. Nilichagua Disemba, kwa kuwa ndio mwezi ambao Baba alikuwa akilipwa na kwenda nyumbani. Nikafuta kivuli cha kushoto kwa tabaka la mwanga, nikakijenga upya kulia.

UZI NA NATI

Krismasi tulikwenda Machakos. Picha ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo niliifunga ndani ya katoni na vijiti pembeni ili isiguse kitu, nikaipakata njia nzima. Sikukusudia kumwachia. Nilitaka tu aione wakati bado anaweza.

Baba alikaa nje kwenye kiti chake, mgongo ukiwa kwa jua. Niliishika mbele yake. Alinishika mikono akaisogeza picha nyuma kidogo, kisha mbele, akitafuta umbali ambao itaingia yote. Alipoupata akatulia. Wajukuu wote walinyamaza.

Akatazama kwa muda mrefu sana.

"Mama," akasema, "mnara wako umelewa."

Watoto walicheka. Mimi machozi yalinilengalenga. Miezi sita ya kazi!

"Umelewa vipi, Baba?"

"Umeegemea. Leta lile debe langu."

Ndani ya debe la vyombo vyake vya zamani alitoa uzi wenye nati nzito mwishoni, timazi ya kibarua. Akaushika uzi mbele ya picha, akangoja mpaka nati ilipoacha kuning'inia huku na huku. Jicho lake limepoteza pembeni, lakini katikati lingali kali kama la mwewe. Ukingo wa kushoto wa mnara ulifuata uzi sawasawa. Ukingo wa kulia ulianza pamoja na uzi pale chini, halafu kadiri ulivyopanda ukauacha na kuinamia ndani.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile picha ya simu. Ukiinua kamera kutazama jumba refu, kingo zake hukaribiana kuelekea juu kana kwamba jumba linaanguka kinyumenyume. Ukingo wa kushoto niliuchora dirishani kwa macho yangu. Wa kulia niliuchora nyumbani nikinakili simu. Nilikuwa nimeunganisha macho mawili yasiyotazama kutoka mahali pamoja, na kwa miezi mitano sikuona, kwa sababu nilijua kwamba mnara umesimama. Jicho langu lilirudia kosa lile lile la sabuni ya mche.

"Ukuta ukikosea ukiwa bado haujafika juu, si aibu," Baba akaniambia huku akikunja uzi. "Aibu ni kuona na kuendelea kupandisha."

Akanitilia timazi mkononi.

Januari nilirudi dirishani nayo. Nilinyosha mkono, nikauacha uzi uning'inie mbele ya mnara wa kweli, nikafumba jicho moja na kuangalia. Kisha nikauning'iniza mbele ya hadibodi. Nilisahihisha ukingo wa kulia kwa kurudisha ukuta mahali anga lilipouiba, nikasogeza safu tatu za madirisha, nikalainisha mahali kivuli kinapogeukia. Ilinichukua mwisho wa juma mara nne. Tangu siku hiyo sichori jumba lolote bila uzi ule, na nawashauri wanafunzi wote mfanye hivyo. Uzi na nati havigharimu chochote, na havina maoni.

Pasaka ya 2024 nilimpelekea. Alikaa pale pale, akanyosha mkono na picha mkononi mpaka alipopata umbali wake. Safari hii hakuomba debe. Alipitisha kidole hewani, karibu na picha bila kuigusa, kutoka chini ya mnara hadi kwenye kofia yake, akihesabu kitu kimoyomoyo.

"Disemba," akasema. "Asubuhi. Tumekwisha kunywa chai."

Kisha akamwita mjukuu wake aje aonyeshwe ni orofa gani babu yake alipokuwa siku aliyopata habari kwamba mtoto wake wa kwanza amezaliwa. Mtoto huyo ni kaka yangu mkubwa, na hadithi hiyo hakuwa ametusimulia hata mara moja.

Kwa hiyo, jirani yangu mwanafunzi, jibu lako ndilo hilo. Kipawa sijui kama ninacho, na sijakihitaji bado. Anza na jumba linaloonekana kutoka dirishani pako. Tafuta upeo wako kwanza. Chora unachokiona, si unachokijua. Chagua mwezi mmoja na saa moja. Ning'iniza uzi. Na kabla hujasema picha imekwisha, mwonyeshe mtu ambaye amewahi kubeba zege la jumba hilo, kama Mungu angali amekuwekea mmoja. Usichelewe.

Picha yenyewe imetundikwa sebuleni kwa Baba, mbali na jua kali, kwenye msumari alioupigilia mwenyewe baada ya kupima. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya watoto na simu wakati wa mtihani. Hadi hapo, jumapili njema.